SI KILA INJINI ILIYONYAMAZA IMEKUFA

Na Mwandishi Wetu

Dau likivuja, mtu wa Pwani haligeuzi kuni. Hulipandisha ufukoni maji yakitoka, akamwita fundi wa kalafati, naye fundi hulizunguka akiligonga ubao mmoja mmoja mpaka aujue ule unaoingiza maji. Akisha kuujua hutia pamba, akapaka sifa, na dau likarudi kazini.

Lakini mtu huyo huyo akiwa na injini iliyokataa kuwaka, hana subira hiyo. Siku ya kwanza hubadilisha plagi. Siku ya pili hununua betri mpya. Siku ya tatu huambiwa kuwa injini imekufa, ifunguliwe yote. Siku ya nne mnunuzi wa vyuma chakavu yuko mlangoni na mizani yake.

Nimeona niandike juu ya jambo hili kwa kuwa nimeshuhudia mali ya warithi ikikaribia kuuzwa kwa kilo kama chuma cha kitanda kibovu, na kasoro yenyewe, ilipotafutwa kwa utaratibu, haikuzidi ukubwa wa ukucha. Wala jambo lenyewe si la ufundi peke yake. Ni jambo la haki, kama utakavyoona, ndugu msomaji.

TREKTA LA MAREHEMU

Ilikuwa mapema Machi 2023, nasi tumo katika mwezi wa Shaaban. Sehemu nyingi za kaskazini na mashariki mwa Kenya zilikuwa zimekosa mvua ya kutosha misimu mitano mfululizo tangu mwisho wa 2020, na kila mwenye shamba alikuwa akitazama mbingu. Watu wa upande wa Mambrui walikuwa wakiomba Mungu kwamba safari hii mvua ya mwaka isiwapite. Na anayetaka kupanda mahindi kwa mvua ya kwanza hapana budi awe amekwisha kulima.

Mzee mmoja wa huko, aliyekuwa rafiki ya baba yangu, alikuwa amefariki wiki chache kabla, baada ya kuugua muda mrefu. Aliacha mjane, watoto watano, shamba, na chini ya mwembe trekta kuukuu la petroli, rangi yake ya kijivu imebabuka, ambalo halikuwashwa tangu ugonjwa ulipomlaza mwenyewe kitandani.

Mjane alikuwa bado katika eda. Alimtuma mwanawe mkubwa kuja kuniita, na nilipofika tulizungumza yeye yumo ndani, mimi nimeketi barazani.

"Mwanangu," akaniambia, "watoto wanataka kugawana. Mimi sina ubishi na sharia ya Mwenyezi Mungu. Lakini huyo mwenye mizani amekuja mara mbili, na mimi sauti ya trekta lile naijua. Baba yao hakuliweka likiwa bovu."

"Ni kweli, mama," nikamjibu. "Kabla ya kugawa kitu, kwanza tujue ni kitu gani."

Msomaji anayejua mirathi hana haja ya kuelezwa. Mume akifa akaacha mke na watoto, mke hupata thumuni, yaani fungu moja katika manane. Yanayobaki ni ya watoto, mwanamume mara mbili ya mwanamke. Hapa palikuwa na wana wawili na mabinti watatu, kwa hiyo hesabu ilikaa sawasawa: mama fungu moja, kila binti fungu moja, kila mwana mafungu mawili, jumla manane, baada ya madeni kulipwa na wasia kutimizwa.

Sasa, trekta halikatwi vipande vinane. Hapana budi lithaminiwe, kisha ama liuzwe watu wagawane fedha, ama mmoja alichukue na kuwalipa wenzake. Na bei ya trekta linalolima na bei ya chuma kinachopimwa kwa kilo ni mbingu na ardhi. Kwa hiyo fundi atakayesema kuwa injini ni nzima au imekufa ni kama shahidi mbele ya Kadhi. Neno lake litaongeza au litapunguza fungu la mjane.

Na fundi aliyeitwa kwanza, kijana wa magari ya siku hizi, alikuwa amekwisha toa ushahidi wake. Alitia plagi mpya, akaleta betri mpya, akazungusha mpaka betri ikachoka, akasema imekufa.

CHUMA CHENYEWE

Trekta lile ni Ferguson, aina iitwayo TE20. Aliyelibuni ni Harry Ferguson, mtu wa Ireland ya Kaskazini, aliyezaliwa 1884 na kufa 1960. Matrekta hayo yalitengenezwa mjini Coventry, Uingereza, na kampuni ya Standard, kuanzia 1946 hadi 1956, na yaliyotoka katika kiwanda hicho yalizidi laki tano.

Kilichoyapa jina ni namna yalivyobeba jembe. Kabla yake trekta lilikokota jembe nyuma kama punda na mkokoteni. Ferguson alilifunga jembe kwa mikono mitatu, akalinyanyua kwa nguvu ya oili, jembe na trekta vikawa mwili mmoja. Hivyo trekta jepesi likaweza kazi ya trekta zito.

Yalikuwako ya petroli, yalikuwako ya mafuta ya namna ya mafuta ya taa, na baadaye yakaja ya dizeli. Yale ya petroli yana silinda nne na umeme wa volti 12. Sir Edmund Hillary, yule aliyefika kilele cha Everest mwaka 1953, aliyachukua matrekta ya aina hii hata Ncha ya Kusini ya dunia, akafika nayo tarehe 4 Januari 1958. Injini iliyowaka katika barafu ile, pasipo mti wala nyasi, haina sababu ya kushindwa na kivuli cha mwembe wa Mambrui.

Na siri ya injini hizi ni kwamba hazina siri. Petroli haisukumwi kwa pampu. Tangi liko juu, nayo hushuka yenyewe hadi kwenye kabureta kama maji ya mtungi. Hakuna kompyuta. Kila kiungo huonekana kwa jicho na hushikika kwa mkono. Simlaumu yule fundi kijana, kwani amelelewa na magari ambayo huchomekewa chombo kikatoa jibu. Trekta hili halijibu mpaka liulizwe.

FUNDI WA MKONGE

Tulimfuata mzee mmoja Malindi ambaye tangu ujana wake alitengeneza matrekta katika mashamba ya mkonge. Alikuja baada ya sala ya Alfajiri na kifuko kidogo tu. Ndani yake mlikuwa na spana chache, bisibisi, kipande cha msasa laini, kopo safi, na taa ndogo ya volti 12 iliyofungwa nyaya mbili. Watoto wa marehemu walikitazama kifuko kile, wakatazamana.

Mzee hakugusa trekta. Aliomba kigoda, akaketi, akaanza kuwauliza watu.

"Siku ya mwisho lilizimaje? Lilizima lenyewe, au lilizimwa?"

Wana wale hawakuwa na jibu. Aliyejibu ni binti mdogo, aliyekuwa akimpelekea baba yake chai shambani. "Babu, baba alilizima mwenyewe. Lilikuwa likinguruma vizuri. Akafunga bilula ya mafuta, akaniambia tutalima kesho. Kesho yake akaamka na homa."

"Ahsante, mjukuu wangu," mzee akasema. "Basi hakuna kilichovunjika kazini. Ugonjwa wake ni wa kulala."

Neno hilo moja liliokoa kazi ya siku nzima. Injini iliyozima kwa kishindo katikati ya mtaro huenda imevunjika ndani. Injini iliyozimwa ikiwa nzima kisha ikakataa kuwaka baada ya miezi, mara nyingi imeharibiwa na vitu vitatu: petroli iliyooza, kutu na wadudu. Hapo hapana haja ya kuivunja yote.

Kisha akatueleza kwamba injini yoyote ya petroli hudai vitu vinne tu. Hudai pumzi, hudai mafuta, hudai cheche, na hudai kwamba hivyo vitatu vikutane kwa wakati wake. Isipowaka, kimoja katika hivyo kimekosekana. Mwenye kuuliza kwa zamu atafika, na mwenye kurukaruka atazunguka hapo hapo.

SWALI LA KWANZA: PUMZI

Mzee alitazama oili kwa kijiti chake, akatazama maji ya rejeta, akahakikisha trekta halimo katika gia. Akaomba hendeli, ile ya kuzungusha kwa mkono, akaichomeka mbele.

Hapa aliwaita vijana na kuwaonyesha jinsi ya kuishika. Kidole gumba hakizungushwi kwenye hendeli. Hukaa upande mmoja na vidole vingine, na mtu huvuta kwenda juu, hasukumi kwenda chini. Injini ikirudisha nyuma, hendeli humtoka mtu mkononi. Aliyeikamata kwa ngumi huvunjika mkono, na wako wazee wengi wa mashamba ya mkonge waliobaki na alama hiyo.

Alivuta polepole. Kila nusu mzunguko hendeli ilikuwa nzito, kisha ikalegea, kama mtu anayevuta pumzi na kuitoa. Akahesabu mara nne, kila silinda mara yake. Zote zilikuwa na nguvu karibu sawa. "Pistoni hazikuganda, ringi zashika, valvu zafunga," akasema. "Sasa nani aliyesema hii maiti? Maiti hupumua?"

Watu wakacheka. Lakini tazama uzito wa kitendo kile. Kwa mivuto michache ya mkono, bila kufungua parafujo hata moja, alikuwa ameliondoa kosa kubwa kuliko yote, ambalo ndilo lililokuwa likitajwa kuwa sababu ya kuuza.

Ningependa vijana wetu wakumbuke pia kwamba mambo haya ya pistoni na mkono wa kuzungusha si mageni kwa Waislamu. Ismail al-Jazari, mhandisi wa Diyarbakir, aliandika kitabu chake cha mashine mwaka 1206. Humo ameeleza pampu ya maji yenye pistoni mbili zinazopokezana, na katika mashine nyingine ya kuteka maji akautumia mkono wa kuzungusha. Ufundi ulikuwa elimu yenye heshima, na aliyeujua aliuandika kwa utaratibu ili wengine wafuate.

SWALI LA PILI: MAFUTA

Mzee alifungua bilula chini ya tangi, akalegeza mrija pale unapoingia kwenye kabureta, akakinga kopo. Inatakiwa petroli ishuke kwa mkondo usiokatika. Hii ilidondoka kwa uvivu, rangi yake kama chai ya rangi, na harufu yake si ya petroli bali ya vanishi.

Petroli ni kama maziwa, haikai. Ikiachwa miezi mingi, sehemu yake nyepesi inayoshika moto upesi huruka hewani, na iliyobaki huwa nzito, kisha hugeuka utomvu unaoziba matundu ya kabureta. Ukiitia cheche, haishiki.

Basi tangi likamwagwa lote. Kikombe cha kioo kilicho chini ya bilula, ambacho hukusanya taka, kilikuwa na maji na kutu chini yake, kikaoshwa. Kabureta ikafunguliwa, na jeti zake, vile vitundu vidogo vya kupimia mafuta, zikasafishwa kwa petroli mpya na kupulizwa. Mzee alikataza kuchokoa jeti kwa waya, kwa kuwa tundu likitanuka kidogo tu injini hunywa mafuta kupita kiasi na kutoa moshi mweusi maisha yake yote.

Mwana wa pili akauliza swali zuri. Alikuwa amesikia kwamba petroli ya siku hizi ndiyo inayoua injini za zamani, kwa kuwa haina risasi. Ni kweli kwamba zamani petroli ilitiwa risasi, na Kenya iliiacha mwishoni mwa 2005. Na tarehe 30 Agosti 2021 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, lilitangaza kwamba dunia nzima imekwisha kuiacha katika magari. Risasi ile ilikuwa sumu, hasa kwa ubongo wa watoto. Ilisaidia valvu zisilike upesi, lakini trekta lenye mgandamizo mdogo na mwendo wa polepole kama hili halidhuriki sana kwa kuikosa, na kwa vyovyote si sababu ya kukataa kuwaka.

SWALI LA TATU: CHECHE

Kabla ya swali hili kopo la petroli lilipelekwa mbali, mikono ikafutwa, na kila tone lililomwagika likaachwa likauke. Petroli na cheche havikai baraza moja. Aliyekuwa na sigara akaambiwa aende akaivutie barabarani.

Mzee alianza na betri. Akaona kwamba fundi wa kwanza ameifunga kama inavyofungwa katika magari ya leo, waya wa hasi kwenye mwili wa chuma. Katika Ferguson hii mambo ni kinyume: chanya ndiyo inayofungwa mwilini. Ukigeuza, cheche hudhoofika na dainamo huweza kukataa kuijaza betri. Akazibadilisha nyaya, akakwangua vichwa vya betri vilivyoota unga wa kijani.

Kisha akatoa plagi moja, akairudisha kwenye waya wake, akailaza juu ya chuma kitupu cha injini. Trekta hili halina ufunguo wa stata. Mkono wa gia wenyewe ndio swichi. Unausukuma hadi penye herufi S, stata inazunguka, na kwa kuwa mkono uko hapo, gia haiwezi kuwa imeingia na trekta kumrukia mtu. Mwana mkubwa akausukuma. Injini ikazunguka, sote tukaikodolea macho plagi. Hakuna cheche.

"Vizuri," mzee akasema, na wengine walishangaa kwamba ati ni vizuri. Lakini daktari akipata mahali panapouma hufurahi.

Akachukua taa yake ndogo. Umeme hutoka kwenye betri, ukapita swichi, ukaingia koili, ukatoka koili kwenda kwenye distributa. Humo mna vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana, ambavyo mafundi huviita pointi. Vikigusana umeme hupita. Vikiachana umeme hukatika ghafla, na kule kukatika ndiko kunakoifanya koili irushe cheche.

Aligusa taa upande wa koili unaotoka kwenye swichi: ikawaka. Umeme umefika. Akagusa upande unaokwenda kwenye distributa, mwana mkubwa akazungusha injini. Taa ikawaka moja kwa moja bila kupepesa. Mzee akaifunga taa yake mfukoni. "Nimemaliza. Ingekuwa pointi zagusana, taa hii ingekuwa yazima na kuwaka, yazima na kuwaka. Hii haizimi. Pointi hazigusani."

Alifungua kifuniko cha distributa, akatuonyesha. Kwa macho pointi zilikuwa zimegusana. Lakini baina yake palikuwa na utando wa kijivu, mwembamba kama ngozi ya kitunguu, uliofanywa na unyevu na hewa ya chumvi katika miezi yote ile. Umeme haukuweza kuupita. Hiyo ndiyo iliyokuwa maiti tuliyoambiwa tuizike.

Akazipitisha msasa laini mara chache, akazifuta kwa kitambaa safi, akazipima ziachane kiasi cha robo ya milimita na kitu kidogo. Taa iliporudishwa ikapepesa. Plagi ilipolazwa tena juu ya chuma, cheche ikaruka ya buluu, inasikika ikilia ta, ta, ta. Cheche ya buluu ni afya. Ikiwa ya manjano au nyekundu na dhaifu, bado kuna kazi.

SWALI LA NNE: WAKATI

Hili lilipita upesi. Silinda za injini hii haziwaki kwa kufuatana moja, mbili, tatu, nne, bali 1, 3, 4, 2. Anayetoa nyaya zote za plagi kwa pamoja bila kuzitia alama aghalabu huzirudisha vibaya, na injini hupiga mizinga bila kuwaka. Mzee alizifuata kwa kidole moja moja, akazikuta sawa.

LIKAWAKA, LIKAZIMA

Ilikuwa yapata saa nne ya asubuhi. Petroli mpya ilitiwa, choki ikavutwa, mkono wa gia ukaenda kwenye S. Injini ikakohoa, ikatoa moshi, ikakohoa tena, kisha ikashika. Ndani ya nyumba sauti ya mama ikasema, "Alhamdulillahi," halafu kimya.

Lakini dakika chache hazikupita ila injini ikaanza kulegea, ikazima. Ikawashwa tena, ikanguruma kitambo, ikazima. Mwenye mizani, ambaye naye alikuwa amekuja kutazama, akatabasamu. Mmoja wa vijana akasema kuwa injini imechoka, afadhali bei ikubaliwe.

Mzee hakuwajibu. Alikwenda juu ya tangi akaulegeza mfuniko, nasi tukasikia sauti ya hewa ikivutwa ndani, fyuu! Akaufungua, akautazama kwa chini. Mfuniko wa tangi huwa na kitundu cha kuingizia hewa, ili petroli ikishuka hewa ishike nafasi yake. Kitundu kile kilikuwa kimezibwa kwa udongo mkavu, umelainishwa vizuri kama uliopakwa na mwashi.

"Nyigu," mzee akasema. "Mrithi wa saba huyu."

Hewa isipoingia, petroli hushuka kidogo kisha husimama, kama maji katika chupa uliyoiziba juu kwa kidole. Injini hula kilichomo katika kabureta, ikifa njaa hali tangi limejaa. Udongo ukachokolewa, mfuniko ukarudi, trekta likawashwa. Likanguruma hata muadhini akaadhini Adhuhuri, na hapo likazimwa kwa heshima ya adhana.

Walithaminisha trekta kwa watu wawili wanaonunua na kuuza matrekta, si kwa mwenye mizani. Mwana mkubwa akalichukua yeye, akamlipa mama yake fungu lake kwanza, na yaliyobaki ya ndugu zake yakaandikwa deni mbele ya mashahidi, kila mtu na kiasi chake na muda wake, kama dini ilivyotufundisha kuandika madeni. Shamba likalimwa kabla ya Ramadhani kuandama. Mzee wa Malindi alidai ujira wa siku moja tu, na wakamwongezea.

MAMBO YA KUSHIKA

Ndugu msomaji, huenda huna trekta. Lakini huenda una jenereta dukani, au pampu ya kisima, au mashine ya mashua. Ikiwa ni ya petroli, maswali ni yale yale manne, ingawa viungo vinatofautiana. Anza na lile lisilohitaji kufungua kitu, ukamalizie na lile linalohitaji kufungua vingi. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha jaribu; ukibadilisha vitatu kwa pamoja hutajua kipi kilichokuwa kibovu, na utakuwa umelipia vitatu.

Anayeiweka injini ya petroli kwa muda mrefu na aimwage petroli yote, kwenye tangi na kwenye kabureta. Aifungue betri. Azibe bomba la moshi kwa kopo ili nyuki na nyigu wasifanye makao, na akumbuke kuliondoa. Mara moja kila wiki aizungushe kwa hendeli au kwa kamba, ili pistoni zisigande. Na sisi tunaokaa karibu na bahari tutazame zaidi penye kugusana nyaya, kwa kuwa chumvi haisahau kazi yake.

Kwa wale wanaosimamia mali za marehemu nasema hivi. Mtu akikuambia kuwa chombo fulani hakifai, muulize amekijuaje. Alipima pumzi? Aliona mafuta yakishuka? Aliona cheche kwa macho yake? Kama hakupima, lake ni dhana, na kwa dhana haipunguzwi haki ya mjane wala ya yatima. Mtafute fundi mwenye subira, umpe ujira wake wa siku moja. Mwenye mizani mwambie angoje. Akija kuambiwa kwa haki kwamba ni chuma tu, chuma hakitamkimbia.